Imewaka, Huwaka, Haiwaki

Kiswahili kina njia nyingi za kusema kwamba taa inatoa mwanga, na mtu aliyezoea kusoma mashairi kwa makini anajua kwamba njia hizo hazilingani. Imewaka: hapo awali ilikuwa imezimika, sasa iko macho, na hali hiyo ingali ikiendelea. Huwaka: ni mazoea yake, ina nyakati zake za kuja na kuondoka. Inawaka: pengine ni sasa hivi, pengine ni desturi, msikilizaji aamue mwenyewe. Haiwaki: kazi hiyo imeikataa. Haijawaka: bado tunaitazamia. Shuleni tulifundishwa tofauti hizi kwa mifano ya Juma na Asha wakienda sokoni, tukazikariri ili tufaulu mtihani. Thamani yake halisi nimeiona mbele ya dashibodi ya gari kuukuu, mahali ambapo kiambishi kimoja kinaweza kuokoa au kuteketeza fedha ya msimu mzima.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya dizeli, ya lile toleo lililoanza kuundwa mwaka 1989, ndugu wa zile daladala ambazo watu wa Dar es Salaam walizipa jina la vipanya. Ni mali ya shangazi yangu, anayenunua machungwa Muheza na kuyauza Tanga mjini, nami humwendeshea pale dereva wake anapopumzika. Lilifika nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya kwetu, na milangoni limebakiza vibandiko vya maandishi ya Kijapani ambavyo hakuna miongoni mwetu avisomaye. Umri wake si aibu; mwili bado una nguvu na injini hainung'uniki. Lakini nyaya huzeeka kabla ya chuma, na katika miaka ya karibuni matatizo yake karibu yote yamekuwa ya umeme. Machungwa nayo hayasubiri fundi. Gari likilala siku tatu, mzigo huanza kulainika, na wateja huhamia kwa mwingine.

Dashibodi ni ukurasa wa maandishi ya picha. Alama zake zimesanifiwa kwa ajili ya ulimwengu mzima, katika kiwango cha kimataifa kijulikanacho kama ISO 2575, ili dereva wa Tanga na dereva wa Osaka wasome kitu kimoja. Nyekundu ni hatari ya sasa. Njano ni tahadhari. Kijani na buluu hueleza tu kwamba kitu fulani kimewashwa. Kisanduku chenye alama za kujumlisha na kutoa ni chaji ya betri. Duara lenye alama ya mshangao ni breki. Waya uliojiviringa, wa rangi ya njano, humwambia dereva wa dizeli asubiri plagi zipate moto kabla ya kupiga stata. Na ile alama ya oili, yenye mdomo mrefu na tone moja likidondoka, abiria wa kwetu huiita birika la kahawa, wala sioni sababu ya kuwasahihisha.

Msomaji wa ukurasa huo hana budi kukumbuka jambo moja: kila taa imefungwa mwishoni mwa waya, na waya huo huenda kwenye swichi au kifaa fulani. Habari iletwayo na taa ni habari ya huko waya unakoishia tu. Katika dizeli nyingi za Toyota za zama zile mna taa iitwayo T-BELT, ambayo kwa kawaida hujitokeza gari likitimiza kilomita 100,000. Wapo wanaoiona wakadhani mkanda wa ndani ya injini umekatika. Taa hiyo haijapata kuuona mkanda. Inafuata hesabu ya kilomita peke yake, na kazi yake ni kumkumbusha mwenye gari kwamba muda wa kuubadilisha umewadia. Mkanda ukiwa umewekwa mpya jana lakini hesabu haikurudishwa mwanzo, taa itaendelea kudai haki yake.

Taa ya breki nayo ina mkanganyo wa aina nyingine. Inahudumia swichi zaidi ya moja: ipo iliyo kwenye breki ya mkono, na ipo inayoelea ndani ya kikopo cha mafuta ya breki. Kwa hiyo inafanana na neno paa. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, paa ni mnyama, na paa ni kwenda angani. Hakuna ajuaye ni lipi mpaka asikie sentensi nzima. Breki ya mkono ikiwa imesahauliwa, taa huwaka. Pedi zikilika, mafuta hushuka polepole katika kikopo, na taa ileile huwaka. Dereva akiona kwamba humulika hasa anapokata kona au anapofunga breki kwa nguvu, kisha huzima, basi yaelekea mafuta yamepungua na yanayumba ndani ya kikopo. Hapo hu- ya mazoea imekwisha kutoa nusu ya jibu.

Nianze na neno linalopuuzwa kuliko yote: haiwaki. Ufunguo unapozungushwa hatua moja kabla ya kupiga stata, taa za chaji na oili hazina budi kuwaka zote mbili. Ndiyo roli yao ya asubuhi. Kila mmoja anaitika jina. Taa ya oili huwaka kwa sababu injini imelala na hakuna msukumo wa oili. Swichi yake hufunga njia ya umeme kwenda kwenye mwili wa injini. Injini ikinguruma, msukumo hupanda, swichi hufungua njia, taa huzima. Sasa kama asubuhi taa hiyo haikuitika, huenda bulbu imeungua, au waya wake umechomoka. Gari litaonekana limetulia. Siku ambayo oili itakwisha kweli, hakuna atakayesema neno, na injini itajisaga yenyewe ndani ya dakika chache. Ukimya wa dashibodi unaaminika tu ikiwa taa zilisema kwanza. Ndiyo maana humwomba dereva wa shangazi ahesabu sekunde mbili kabla ya kupiga stata, azitazame.

Ikiwa taa ya oili imewaka gari likiwa mwendoni, kinachotakiwa ni kuweka gari pembeni na kuzima injini papo hapo. Kisha ndipo kijiti cha kupimia oili kichomolewe. Inawezekana waya wa swichi umechubuka na kugusa chuma, na oili iko salama. Lakini hilo huthibitishwa injini ikiwa imezimwa, na baadaye kwa geji ya msukumo. Hakuna ubishi wa kilugha unaostahili kuendelea huku injini inaunguruma.

Sasa nije kwenye imewaka, neno lililotaka kumgharimu shangazi mtaji wake. Usiku mmoja gari likitoka Muheza, taa tatu zilijitokeza kwa pamoja: ya chaji, ya breki, na ile inayoonya kwamba maji yamejikusanya katika chujio la dizeli. Fundi wa kwanza, kando ya barabara, aliitazama ya breki akasema masta ya breki imekufa. Wa pili aliitazama ya chujio akasema dizeli ina maji, chujio libadilishwe, na kwa kuwa ya chaji nayo inaonekana, betri mpya inunuliwe hapohapo. Kila mmoja alisoma neno moja akaliacha lile linalofuata. Fedha iliyokuwapo ilikuwa ya kulipia machungwa ya juma linalofuata.

Tulilipeleka kwa fundi mzee wa Ngamiani ambaye ni mtu wa umeme tu. Hagusi injini wala rangi. Kabla hajainua kifuniko aliuliza, "Mama, taa hizi zimewaka au huwaka?"

Shangazi akajibu, "Zimewaka, fundi. Zote tatu kwa mpigo mmoja, na mpaka sasa hazijazima."

"Basi tusitafute magonjwa matatu," akasema. "Tatu zikija pamoja, zimetoka nyumba moja."

Nyumba hiyo ni alteneta, na maelezo yake yanastahili kuwekwa wazi kwa kuwa magari mengi ya dizeli ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990 yana mpango huohuo. Waundaji walitaka dereva aweze kuhakiki bulbu kadhaa kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Wakaziunganisha taa hizo, kwa njia ya dayodi, na ncha ileile ya alteneta inayoiongoza taa ya chaji. Ufunguo ukiwashwa na injini ikiwa bado imelala, ncha hiyo huzipa taa zote njia ya kurudi, nazo huwaka. Alteneta ikianza kuzalisha umeme, njia hiyo hufungika, nazo huzima. Kwa hiyo alteneta ikiacha kazi njiani, dashibodi hurudi katika hali ya kabla ya safari, kana kwamba injini haijawashwa. Breki hazina dosari na dizeli haina maji. Taa zao zimerudia roli ya asubuhi, saa mbaya.

Kuzimika kwa taa ya chaji kwenyewe ni jambo litakalomfurahisha mtunzi. Katika mpango wake wa asili, upande mmoja bulbu imeshikwa na umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, na upande wa pili imeshikwa na alteneta. Alteneta ikiwa kimya, pande hizo hazilingani, umeme unapita, bulbu inamulika. Alteneta ikiamka, upande wake hupanda mpaka volti za huku zinakuwa sawa na za kule. Hakuna tofauti, kwa hiyo hakuna mkondo, na taa inazima ilhali umeme umejaa pande zote mbili. Sisi tunaohesabu mizani tumezoea kuona kwamba mstari uliotimia haujitangazi. Sikio hushtuka pale unapopungua tu.

Yule fundi alianza na mkanda. Aliubonyeza kwa kidole gumba akauona umekaza, hauna ufa. Hatua hii ya bure ndiyo ya kwanza daima, na katika injini nyingi za aina hii ina uzito zaidi, kwa sababu pampu ya hewa inayolainisha breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, chaji hutoweka, na baada ya kukanyaga mara chache breki huwa ngumu kama jiwe. Hivyo zile taa mbili zikiwaka pamoja huweza kuwa zinasema kweli kwa njia ambayo hazikukusudia, na dereva asiyesimama anaweza kufika mteremkoni bila msaada wa breki.

Baada ya mkanda akachukua mita. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti zaidi ya mbili kidogo, hata ikijaa na kutulia husoma karibu 12.6. Yetu ilisoma 12.1, yaani ilikuwa imechoka lakini hai. Akawasha injini, akaiongeza mwendo. Alteneta nzima ingepandisha kipimo hadi baina ya 13.8 na 14.4. Mita ilibaki 12.0. Hapo hukumu ilitolewa na namba, si na jina la taa. Alteneta ikashushwa, ikafunguliwa, na ndani yake brashi za kaboni, vile vipande vidogo vinavyosugua ekseli inayozunguka, zilikuwa zimelika hadi kubaki vijipande. Ni uchakavu wa kawaida wa kitu kilichozunguka kwa miaka mingi. Zikawekwa brashi mpya, kipimo kikapanda hadi 14.1, taa tatu zikazima kwa pamoja kama zilivyokuja. Masta ya breki ingali ileile hadi leo, na betri ni ileile.

Huwaka ni fumbo gumu zaidi, kwa sababu mgonjwa hupona anapofika mlangoni kwa tabibu. Miezi kadhaa baadaye taa za dashibodi zilianza kumulika hafifu kila indiketa ilipopiga, lakini usiku tu, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Mchana hapakuwa na lolote. Hapa nilijifunza kwamba kumweleza fundi vizuri ni kuongeza -ki- na -po- kwenye sentensi: huwaka indiketa ikipiga, huwaka taa kubwa zinapokuwa zimewashwa, hazimuliki nikiwasha indiketa peke yake. Masharti hayo matatu yalikwisha kuchora ramani. Umeme wa gari hutoka betri kwa waya na kurudi kupitia bodi lenyewe. Mahali bodi linapounganishwa na betri na injini pana waya mnene ambao mafundi huuita athi. Muunganiko huo ukiingia kutu, umeme wa matumizi makubwa hukosa njia pana ya kurudi, nao hutafuta vichochoro, ukipita hata kwenye bulbu za jirani na kuziamsha.

Kipimo chake ni rahisi na msomaji yeyote mwenye mita anaweza kukifanya. Washa taa kubwa. Gusa ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha cha injini. Panapo afya mita husoma karibu na sifuri. Sisi tulisoma zaidi ya volti moja. Boliti iliyobana athi ilikuwa imevaa kutu ya kijani, maana Tanga ni mji wa bahari na chumvi yake hupanda hata kwenye magari yasiyokanyaga ufuko. Msasa, spana na grisi kidogo vilitosha.

Nimetaja haya kwa sababu gereji zetu zina neno moja linalomeza yote, nalo ni shoti. Taa ikizima ni shoti, ikiwaka ni shoti, betri ikilala ni shoti. Hali lugha yetu, kwa vitenzi vyake vya kawaida, hutenganisha makosa ya umeme vizuri kuliko neno hilo la kukopa. Waya umekatika: umeme haupiti kabisa, na kiambishi cha kutendeka kinatuambia hatujui nani aliyekata. Nyaya zimegusana: umeme umepata njia ya mkato, fyuzi inaungua, na ile -an- inatuambia tutafute wahusika wawili. Nati imelegea: umeme unapita kwa shida, leo upo kesho haupo. Kukatika hutafutwa kwa kupima ncha hadi ncha. Kugusana hutafutwa kwa kuchomoa sehemu moja moja mpaka fyuzi ikae. Kulegea hutafutwa kwa kutikisa nyaya polepole huku jicho likiwa kwenye taa. Anayesema shoti atatafuta kote. Anayetumia kitenzi sahihi amekwisha kupunguza kazi.

Kuna mazoea mawili ningependa yafe. La kwanza ni kuchomoa kichwa cha betri huku injini ikinguruma, ati kuona kama alteneta inachaji. Betri ndiyo inayoutuliza umeme huo. Ikiondolewa ghafla volti huruka juu na kuweza kuua dayodi za alteneta iliyokuwa nzima. La pili ni kuweka waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi imeungua ili waya usiungue. Ukiipa mbadala usioungua, kitakachofuata kuungua ni waya wenyewe, ulio nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya abiria.

Shangazi aliniomba nimwandikie dereva kitu kifupi cha kubandika juu ya usukani. Nikamtungia ubeti huu mmoja, wa mizani za kawaida, ambao hautashinda tuzo yoyote:

Taa yako ikiwaka, sikimbilie dukani,
Uliza ilikotoka, waya wake ni wa nini,
Pima kwanza pasi shaka, umeme uliko ndani,
Fedha haitatoweka, kwa vifaa vya thamani.

Dereva aliusoma akacheka, kisha akauliza neno moja tu: kama ajapo kwa fundi aseme nini. Tukakubaliana kwamba asiseme breki imekufa, wala gari lina shoti. Aseme ni taa ipi, ilikuwa peke yake au na wenzake, injini ikiwa imelala au inanguruma, na nini kilikuwa kimewashwa wakati huo. Juzi alinipigia simu kutoka Muheza: "Mwalimu, taa ya chaji huwaka kwa mbali gari likisimama na injini ikishuka mwendo, nikikanyaga mafuta inazima, mkanda nimeubonyeza, umelegea." Nikamwambia aukaze, apime tena. Alifika mjini saa nne asubuhi na machungwa yake yote.